Tafiti za afya zinapopingana na mfadhili akiwa kampuni: naanzia wapi kusoma?

Mdadisi_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua kusoma tafiti.

Kuna makala mbili zinazungushwa sana kwenye makundi. Moja inasema sukari haihusiani na unene mradi kalori zisizidi. Nyingine inasema soda inanenepesha, tena sana. Zote zimetoka kwenye majarida yanayoheshimika, zote zimeandikwa na maprofesa. Ile ya kwanza, mwishoni kwa maandishi madogo, inakiri kwamba imelipiwa na watengenezaji wa vinywaji.

Maswali yangu ni mawili. Fedha ya kampuni inaharibu utafiti kwa njia gani hasa, wanapika namba? Na mtu ambaye si mtaalamu aangalie kitu gani kabla ya kuamini au kukataa?

bi_lishe
Ndugu, kupika namba kupo lakini siyo njia kuu. Mfadhili akishachagua swali, hana haja ya kugusa namba. Mfano mzuri ni hiyo hiyo mada yako ya sukari.

Majaribio ya sukari na uzito yako ya aina mbili. Kwenye aina ya kwanza watu wanaambiwa wapunguze au waongeze sukari, halafu wanaachwa wale watakavyo. Kwenye aina ya pili sukari inaondolewa na nafasi yake inajazwa wanga mwingine wenye kalori zilezile. Mwaka 2013 timu ya Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ilikusanya majaribio ya aina zote mbili kwa kazi iliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), ikachapisha kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza. Katika aina ya kwanza, waliopunguza sukari walipungua wastani wa kilo 0.8 na walioongeza waliongezeka kilo 0.75. Katika aina ya pili uzito haukubadilika.

Hapo hakuna mgongano wowote. Sukari, hasa ya kunywa, inanenepesha kwa kuwa inaingiza kalori za ziada bila mtu kupunguza chakula kingine. Ukizifunga kalori zisipande, umeshaondoa kile kinachonenepesha kabla hujaanza kupima. Kampuni ikilipia aina ya pili peke yake itapata jibu la kweli kabisa, kisha gazeti litaandika "sukari hainenepeshi". Bila shaka makala yako ya kwanza ni ya aina hii. Maneno "mradi kalori zisizidi" yanaonyesha.

Njia nyingine ni kwenye hitimisho. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania na Ujerumani walichapisha kwenye jarida la PLoS Medicine uchunguzi wa mapitio (kazi zinazokusanya tafiti za wengine na kuzipima kwa pamoja) kuhusu vinywaji vitamu na unene. Kati ya hitimisho 12 za waandishi wasio na mgongano wa maslahi, 10 zilisema uhusiano upo. Kati ya 6 za waliofadhiliwa na sekta ya chakula, 5 zilisema ushahidi hautoshi. Wote walikuwa wakipitia tafiti za mada moja.

Na hili lina historia. Mwaka 1967 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio ya watafiti wa Harvard yaliyotupia lawama mafuta na kuipunguzia sukari mzigo kwenye ugonjwa wa moyo. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2016 na Cristin Kearns na wenzake zilionyesha kwamba Sugar Research Foundation, chombo cha sekta ya sukari, iliwalipa dola 6,500 (karibu 50,000 kwa thamani ya 2016) na iliziona rasimu kabla ya kuchapishwa. Mbinu yenyewe ilikuwa kuwa mkali upande mmoja tu: tafiti zilizoilaumu sukari zilikataliwa kwa dosari ambazo kwenye tafiti za mafuta zilivumiliwa. Kwa haki niseme pia kwamba mwaka 2018 wanahistoria wawili waliandika kwenye jarida la Science kuwa kupokea fedha za sekta ilikuwa kawaida wakati ule, na kwamba kuita jambo hili njama ni kuzidisha. Naona hoja yao ni ya kweli, ila haiondoi ule ukali wa upande mmoja.

Takwimu_Kwanza
Bi_lishe kaeleza vizuri. Naongeza upande wa vitendo.

Tafuta makala yenyewe. Nakili kichwa chake ukiweke PubMed, tovuti ya bure ya kutafutia makala za tiba. Ikiwa jarida linatoza fedha, angalia kama kuna kiungo cha PMC (hifadhi ya makala, dada wa PubMed), hapo huwa kuna nakala nzima ya bure. Habari isiyotaja jina la jarida wala mwandishi, iache.

Ukiipata, teremka mwisho kabla ya kusoma mwanzo. Unatafuta vitu vitatu: nani alilipa, waandishi wanapokea nini kutoka wapi, na mfadhili alikuwa na nafasi gani. Hicho cha tatu ndicho watu hukiruka. Kampuni kutoa fedha na kukaa pembeni ni jambo moja. Kampuni kubuni jaribio, kutunza data, kumweka mtakwimu wake na kuwa na kauli ya mwisho kuhusu kuchapisha ni jambo jingine kabisa.

Kisha namba ya usajili. Jaribio lolote la maana la miaka ya karibuni linayo: NCT na tarakimu 8 kwa ClinicalTrials.gov, rejista ya Marekani, au inayoanza na PACTR kwa rejista ya Afrika. Fungua, nenda kwenye historia ya marekebisho, soma "matokeo ya msingi" (primary outcome) yaliyoandikwa kabla ya jaribio kuanza. Linganisha na kile makala inachokitangaza. Waliahidi kupima mshtuko wa moyo na sasa wanasherehekea kipimo fulani cha damu? Hapo kuna tatizo. Ukipima vitu 20 visivyo na uhusiano wowote, kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, kimoja kwa wastani kitaonekana kufanya kazi kwa bahati tu.

Usidhani hili ni la kampuni peke yake. Taasisi ya serikali ya Marekani ya moyo, mapafu na damu ilifadhili majaribio makubwa ya dawa na virutubisho. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kabla ya 2000, majaribio 17 kati ya 30 yalionyesha faida. Baada ya 2000, usajili wa mapema ulipokuwa wa kawaida, ni 2 kati ya 25.

La mwisho, kundi la kulinganisha. Jaribio la VIGOR la mwaka 2000 lililinganisha dawa ya maumivu Vioxx na naproxen. Mshtuko wa moyo ulikuwa asilimia 0.4 upande wa Vioxx na 0.1 upande wa naproxen. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba naproxen inalinda moyo. Kwa kuwa hapakuwa na kundi la dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia), jaribio lile peke yake halikuweza kumaliza ubishi. Lilipokuja jaribio lenye dawa bandia, madhara yakaonekana kwa Vioxx yenyewe, na mtengenezaji wake, Merck, akaiondoa sokoni Septemba 2004. Kwa hiyo kila ukisoma "bora kuliko" au "salama kama", uliza: kuliko nini, kwa dozi gani, kwa muda gani?

Mzizima
Tusisahau tafiti zinazopingana bila senti ya kampuni.

Mwaka 1981 watafiti wa Harvard walitangaza kwamba kahawa inahusiana na saratani ya kongosho. Waliwalinganisha wagonjwa wa saratani hiyo na wagonjwa wengine waliolazwa chini ya madaktari walewale. Madaktari hao wengi walikuwa wa tumbo, kwa hiyo kundi la kulinganisha lilijaa watu wenye vidonda na matatizo ya tumbo, ambao walikuwa wameshapunguza kahawa. Wagonjwa wa saratani wakaonekana wanywaji wakubwa. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha.

Beta-karotini nayo. Wanaokula mboga na matunda yenye beta-karotini walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache. Finland wakawapa vidonge wavuta sigara katika jaribio la watu 29,133: matokeo ya 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18. Anayekula mboga nyingi hutofautiana na asiyekula kwa mambo mengi, na kidonge hakibebi hayo mengine.

Kwa hiyo ukikuta tafiti mbili zinagongana, kwanza angalia kama ni za aina moja. Kufuatilia watu wanavyoishi ni tofauti na kuwagawa kwenye makundi kwa bahati nasibu.

Mdadisi_Tabata
Nashukuru sana wote. Swali la nyongeza: basi kila kilicholipiwa na kampuni nikitupe? Na hizi habari za "nyama ya kusindika ni kama sigara" nazo?

Takwimu_Kwanza
Usitupe. Majaribio mengi ya dawa tunazotumia yamelipiwa na watengenezaji, kwa sababu mamlaka za dawa zinamtaka mtengenezaji alete ushahidi. Tofauti ni kwamba kwenye dawa mamlaka inaweza kudai data na mpango wa jaribio. Kwenye soda, juisi na virutubisho mara nyingi hakuna anayedai, kwa hiyo ongeza ukali huko.

Kuhusu nyama: mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliiweka nyama ya kusindika (soseji, bekoni) kundi 1, la vitu vinavyosababisha saratani, pamoja na tumbaku. Makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi. Ukubwa wa madhara ni hesabu nyingine. Walisema gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tuchukue nchi ambako watu 5 kati ya 100 huipata maishani: asilimia 18 ya 5 ni 0.9, kwa hiyo wanakuwa karibu 6. Kila ukiona asilimia ya ongezeko, uliza "ya ngapi?" na ufanye hesabu hiyo.

bi_lishe
Na kwa soda huhitaji kungoja utafiti mwingine. WHO inashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Soma lebo, sukari kwa mililita 100, zidisha kwa 5 upate ya chupa ya nusu lita. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 11 kwa mililita 100, kwa hiyo chupa moja imemaliza kiwango chote, na hujaweka sukari kwenye chai.

Mzizima
Umetaja chai. Mwaka 2016 IARC iliiondoa kahawa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa kuleta saratani, ila ikaweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kuisababisha, yaani saratani ya umio. Saratani hiyo iko juu Afrika Mashariki, na imechunguzwa Eldoret na Moshi. Tatizo hapo ni joto, kwa hiyo chai iliyotoka kuchemka iache ipoe kwanza, na mwenye kipimajoto cha jikoni apime kikombe chake kabla ya kunywa.