Je, Kenya irushe setilaiti kwa kombeo badala ya roketi?

Hoja iliyotolewa jana jioni pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, ni hii: roketi ni ghali na ni mali ya wenyewe, basi serikali ijenge kombeo kubwa la umeme kwenye mteremko wa Mlima Kenya, setilaiti zirushwe kama jiwe. Wengi walipiga makofi. Mimi napinga, na nawaomba tujadiliane.

Kijana mmoja alifunga funguo kwenye kamba ya kiatu akazizungusha, kutuonyesha walichojaribu SpinLaunch, kampuni ya Marekani, kule New Mexico mwaka 2021: chombo huzungushwa ndani ya chumba kilichotolewa hewa, kisha huachiliwa. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake, nikaona kamba ilivyomwachia alama nyekundu kidoleni. Kwenye mtambo ule wa SpinLaunch, nguvu hiyo ya kuvuta inaweza kufika mara 10,000 ya uzito wa mzigo. Funguo zile, tuseme gramu 50, zingevuta kama kilo 500, uzito wa fahali. Vifaa vya kustahimili hayo vinawezekana, ila lazima viundwe hivyo tangu mwanzo.

Tena kufika juu si kubaki juu. Mwaka 1966 mzinga wa HARP, mradi wa utafiti wa kurusha vyombo juu kwa mizinga, kule Yuma, Arizona, Marekani, ulirusha chombo kilomita 180 juu. Kikarudi chini. Ili kizunguke dunia kisianguke, chombo kinahitaji mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na si wa kupanda bali wa kwenda ubavu. Ndiyo maana hata SpinLaunch walipanga kutia roketi ndani ya chombo imalizie safari.

Mama mmoja alinijibu kwamba tukingoja tutabaki wateja milele. Setilaiti yetu Taifa-1, mwaka 2023, iliondokea California, Marekani. Uchungu huo ninao pia. Lakini mbona tunairuka Malindi? Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini kwetu, kwa roketi ya Scout. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu siku hiyo. Pale karibu na ikweta, chombo kinachoelekea mashariki hupewa na mzunguko wa dunia yenyewe mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, bure.

Fedha zianzie huko. Anayetaka kombeo litangulie anijibu: hiyo roketi ya kumalizia safari, ataitengeneza nani?