Tunagawana chupa moja, yeye analala, mimi nakodolea dari

MuuzaNazi: Hamjambo ndugu zangu. Tangu kaskazi ianze, usingizi umenihama. Nauza nazi Kongowea, saa 10 alfajiri lazima niwe njiani. Mume wangu akashauri tuwe tunagawana chupa ya mvinyo baada ya chakula. Kweli usingizi hunichukua haraka, lakini ikifika saa 8 usiku niko macho, moyo unadunda, nimelowa jasho chapachapa. Mwenzangu pembeni anakoroma kama feri ya Likoni. Tumekunywa sawasawa, mbona yeye hili halimpati? Nina miaka 46. Niongeze glasi ama nibadilishe kinywaji?

Yakhe_Mtwapa: Ongeza dada, ukorome nawe mshindane 😂

NesiWaZamu: Usimsikilize huyo. Dada, pombe hukulaza kisha ikakuamsha. Nusu chupa ya mvinyo wa asilimia 12 ina takriban gramu 35 za pombe, na ini hutoa kama gramu 10 kwa saa, kwa wengine chini ya hapo. Ukinywa saa 3 usiku, hesabu mwenyewe inaisha lini. Ikishaisha, mwili uliokuwa umelegezwa unaruka upande wa pili: mapigo juu, jasho, kibofu nacho kinaita.

Na sawasawa mezani si sawasawa kwenye damu. Sisi wanawake tuna maji machache mwilini kwa uzito ule ule, na kile kimeng'enya cha tumboni kinachoanza kuivunja pombe kwa kawaida ni hafifu kwetu. Hata bila pombe, kukosa usingizi kunatuandama kuliko wanaume. Na miaka 46, shoga, nikuulize: siku zako zinakuja kama zamani? Hilo jasho huenda si la kaskazi peke yake, huenda pia ni la kukaribia kukoma hedhi.

Mgema_Mstaafu: Mimi nimezeekea mangweni, kwenye vilabu vya pombe ya mnazi. Mnazi wa asubuhi mtamu, wa jioni umeshachacha, si kitu kimoja, hujui unakunywa pombe kiasi gani, kwa hiyo habari ya kubadilisha kinywaji iache. Nilichokuja kusema ni hiki: usimwonee mumeo gere. Nami nilikuwa nakoroma hivyo, mke wangu ndiye aliyegundua kuwa pumzi inakatika. Daktari akaniambia pombe inalegeza koo. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa nane nzima na kuamka nimechoka kama kuli wa bandarini.

MuuzaNazi: Mzee umenitia hofu. Jana nilimsikiliza: kimya, kimya, halafu anashtuka kama aliyekuwa akizama. Nesi, siku zangu zimeruka miezi miwili, nikadhani ni uchovu. Je, nikimeza kile kidonge cha mafua kinacholaza, na glasi moja tu?

NesiWaZamu: Hapana kabisa! Viwili hivyo pamoja vinaweza kukupunguzia pumzi. Jaribu wiki mbili bila mvinyo. Siku za kwanza usingizi unaweza hata kuharibika zaidi, vumilia. Kisha uende kliniki kwa hilo la hedhi, na mumeo apimwe huko kukoroma kwake. Kwa wengine mnaosoma: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla, anaweza kupata degedege. Namba ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo.

MuuzaNazi: Ahsante. Kazi ni kumwambia. Ile chupa ndiyo saa yetu pekee ya kuongea.

Yakhe_Mtwapa: Dafu nalo linagawika dada, na wewe ndiye mwenye duka.