BackupPC na kiboksi cha Override: kompyuta 11 zinanidharau!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Ofisini tuna kompyuta 34, zote bekapu yake iko BackupPC, programu ya seva inayotunza nakala za mafaili ya kila mashine. Miezi miwili nyuma nilipandisha FullKeepCnt (idadi ya bekapu kamili za kutunzwa) kwenye config.pl, faili kuu la mipangilio ya mashine zote, kutoka 1 hadi 8, ili bekapu kamili za wiki nane zibaki. Nikalala usingizi mnono. Juzi dada wa uhasibu kanijia mbio: kuna faili la mishahara alilifuta wiki tano zilizopita, sasa analitaka. Nafungua mashine yake, bekapu kamili ni moja tu! Jasho lilinitoka.

Kumbe kwenye ukurasa wa mashine yake kuna tiki kwenye Override, kiboksi cha kuipa mashine thamani yake yenyewe badala ya ile ya faili kuu. Aliyekalia kiti hiki kabla yangu ndiye aliyeitia, na namba aliyoacha ni ileile 1 iliyokuwa kwenye faili kuu. Yaani hakubadilisha kitu! Ukitia tiki na kusevu, thamani ya siku hiyo inanakiliwa kwenye faili la mashine, na kuanzia hapo ubadilishe faili kuu mpaka uchoke, mashine haina habari na wewe.

Kinachoniuma ni kwamba sioni ukurasa wa kuniwekea mashine zote pamoja, nijue ipi imerithi na ipi imejitenga. Unafungua mojamoja, mara 34. Nikaona isiwe tabu, nikaingia kwenye terminal, nikaandika amri ya kuorodhesha mafaili yenye neno FullKeepCnt:

grep -l FullKeepCnt /etc/backuppc/*.pl

Mafaili 12. Toa config.pl yenyewe, zinabaki 11. Kumi na moja!

BackupFilesExclude, orodha ya vitu vya kurukwa kwenye bekapu, ndiyo usiseme. Mashine ya mapokezi, mtu alitaka kuongeza folda moja ya kurukwa, akaiandika kwa mkono kwenye faili la mashine. Hakujua kwamba orodha ile haijumlishwi na ile kuu, inachukua nafasi yake yote kwa mashine hiyo. Muda wote huo seva yangu inatunza muvi za Kikorea ambazo orodha kuu ingeziruka.

Na asitokee mtu wa "kasome maelekezo". Nimesoma, faili la mashine linashinda faili kuu, sawa. Mimi nataka jedwali: thamani kuu huku, ya mashine kule, na zile tiki zisizobadilisha kitu zionekane nizing'oe.

Mwenye skripti ya Perl ya kazi hiyo aimwage hapa. Dada wa uhasibu anaandika mishahara upya kutoka kwenye makaratasi, na salamu yangu haitikii.