Ruhusa za faili kwenye seva ya barua pepe ya ofisi: 777, kundi la mail, au vmail?

mpakani_Malaba
Salaam ndugu zangu. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Malaba, watu 12, na seva moja ya Debian 12 (aina ya Linux) yenye Postfix, inayopokea na kutuma barua, na Dovecot, inayowafungulia watu vikasha vyao. Mashine ya zamani iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Fundi akatuhamishia kila kitu kwenye mpya kutoka diski ya nje, akalipwa, akaenda zake. Sasa barua zinaingia vizuri, ila baadhi ya watu wakifungua Thunderbird kikasha kinagoma. Logi inasema hivi:

`chown(/home/doka/mail/.imap/INBOX, group=8(mail)) failed: Operation not permitted (egid=1004(doka), group based on /var/mail/doka)`

Kwa wengine ni `Permission denied` tupu. Nimepewa ushauri wa aina tatu: nipige `chmod -R 777` (kila mtu asome na kuandika kila faili) yaishe, niipe Dovecot kundi la mail, au nihamishe vikasha vyote viwe chini ya mtumiaji mmoja, vmail. Kuna makontena yanasubiri nyaraka kutoka Mombasa, kwa hiyo sina nafasi ya kubahatisha. Mngeenda na lipi?

Ssalongo_IT
Hiyo 777 iondoe mezani kabisa. Watu hudhani ubaya wake ni usalama tu, kumbe inaharibu hata vinavyofanya kazi. Ukiipiga kwenye /home, SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) itakataa funguo zako za kuingilia, maana haikubali folda ya nyumbani ambayo kila mtu anaweza kuiandika. Ikifika kwenye ufunguo wa OpenDKIM, unaotia saini barua zinazotoka, nao utakataliwa kwamba si salama. Postfix haitaifuata tena `.forward` (faili la kuelekeza barua kwingine) iliyo wazi kwa wote. Utakuwa umetibu kidonda kimoja ukafungua vitatu.

Halafu ninyi ni mawakala, humo ndani mna ankara na namba za TIN za wateja. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Siku mteja akilalamika, `rwxrwxrwx`, yaani hiyo 777, utaielezaje?

dada_logi
Kabla ya kulinganisha chochote, ndugu yangu wa Malaba, una magonjwa mawili na mnayachanganya.

La kwanza ni umiliki. Andika `ls -ln /var/mail`, na usiisahau hiyo n, ili uone namba badala ya majina. Linux haijui jina la mtu, inajua namba yake. Akaunti zikifunguliwa upya kwa mpangilio tofauti, aliyekuwa 1003 anakuwa 1006, na kikasha chake kinabaki mali ya mwenzake. Linganisha na `getent passwd`. `find /var/mail /home -nouser` itakuonyesha faili zisizo na mwenyewe kabisa. Hao ndio watu wako wa `Permission denied`.

La pili ndilo hilo la chown, yaani kubadili mwenye faili au kundi lake. Dovecot inatengeneza faharasa zake ndani ya `~/mail/.imap` na inajaribu kuiga ruhusa za kikasha chenyewe. Kikasha kina 660 (mwenyewe na kundi wanasoma na kuandika) na kundi lake ni mail, basi inataka faharasa nazo ziwe za kundi mail. Lakini doka hayumo kwenye kundi hilo, hawezi kumpa mtu kitu kwa jina la kundi asilokuwemo. Ukiondoa ruhusa ya kundi, ibaki 600 ya mwenyewe tu, Dovecot haina cha kuiga, na kosa linaisha.

Kwa hiyo simamisha Postfix na Dovecot, futa faili za .lock zilizosahaulika, kisha kwa kila mtu:

`chown doka:mail /var/mail/doka`
`chmod 600 /var/mail/doka`
`chown -R doka:doka /home/doka/mail`

Bado ikigoma, `namei -l /home/doka/mail/.imap/INBOX` inakupitisha folda moja baada ya nyingine tangu mwanzo wa njia. Mara nyingi faili liko sawa kabisa, ila folda ya juu yake ndiyo haina x, ruhusa ya kupita ndani yake.

nile256
Naunga mkono 600. Kuhusu kuipa Dovecot kundi la mail, uliyeshauriwa alimaanisha ipi? Ziko mbili na watu huzichanganya kila siku.

`mail_privileged_group = mail` inaazima kundi kwa muda mfupi tu, INBOX inapotakiwa kuundwa au kufungwa kwa dotlock (faili la .lock linalozuia wawili wasiandike pamoja) ikashindikana. /var/mail ni ya root (msimamizi mkuu) na kundi mail, kwa hiyo bila hiyo mtu wa kawaida hawezi kuweka faili la .lock mle. Ukiona logi inalia `missing +w perm: /var/mail`, dawa ni hii.

`mail_access_groups = mail` inatoa kundi moja kwa moja, muda wote. Hapo mtu mwenye uwezo wa kutengeneza symlink (kiungo cha njia ya mkato) anaiunganisha /var/mail na folda yake, na vikasha vya wenzake vilivyo wazi kwa kundi anavisoma, hata kuvifuta. Nyaraka za Dovecot zenyewe zinaonya. Kosa linapotea kweli, ndiyo maana inasifiwa sana kwenye vikundi vya WhatsApp.

Ssalongo_IT
Sawa, hiyo ni ya kuvuka leo. Ila kwa ofisi ambayo hakuna anayeingia kwenye seva yenyewe, mimi ningeelekea vmail. Mtumiaji mmoja, wengi humpa namba 5000, anamiliki /var/vmail yote, na kila mtu ana Maildir yake (folda yenye faili moja kwa kila barua) mle ndani. Wafanyakazi hawahitaji tena akaunti za Linux. Ukihama mashine, ni `chown -R vmail:vmail` mara moja, hakuna kuhangaika na namba za watu.

kabale_baridi
Ssalongo, hapo umepunguza kazi, lakini kinga nayo umeipunguza. Kila mtu akiwa na namba yake, Linux yenyewe inamzuia doka asisome barua za mhasibu, hata Dovecot ikiwa na tundu. Kwa vmail, mchakato wowote wa IMAP (unaomsomea mtu barua zake) una haki ya kusoma vikasha vyote, tumaini lako lote ni programu moja. Mimi ningebaki na akaunti za kawaida, niachane na mbox (barua zote kwenye faili moja) tu: `home_mailbox = Maildir/` kwenye Postfix, na `mail_location = maildir:~/Maildir` kwenye Dovecot. Kila kitu kinakaa nyumbani kwa mtu na ruhusa ya 700. Masuala ya /var/mail na dotlock yanakufa yote.

dada_logi
Kabale ana hoja, ila kuna swali linaloamua: mna kikasha cha pamoja? Tuseme info@, kinachosomwa na watu wanne. Kwa akaunti za kawaida itabidi kundi jipya, setgid kwenye folda (ili faili mpya zirithi kundi lake), na kukagua kwamba kila barua mpya inaingia na kundi sahihi. Hapo ndipo matatizo ya ruhusa huzaliwa upya. Kwa vmail faili zote ni za mmoja, na nani asome nini unaamua ndani ya Dovecot kwa programu-jalizi ya acl.

mpakani_Malaba
Asanteni sana. Ya dada_logi nimeshafanya, vikasha vimefunguka vyote. Info@ tunayo, watu watatu wanaisoma, kwa hiyo wikendi naingia vmail. Kuna mtego wowote wa kuhamisha?

nile256
Upo. `doveadm sync` inakuhamishia kutoka mbox kwenda Maildir, lakini ikianza kazi inavua haki za root na kuwa vmail. Na vmail hawezi kusoma kikasha cha 600 cha doka. Nakili mbox kwanza mahali pa muda, umilikishe vmail ile nakala, ndipo uhamishe. Na usipandishe kwenda Debian 13 wikendi hiyohiyo: kule Dovecot ni 2.4, `mail_location` imegawanywa kuwa `mail_driver` na `mail_path`, utakuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja.

Bakapu nayo, diski ya nje ikiwa ya FAT au exFAT haihifadhi umiliki wala ruhusa, na majina ya faili za Maildir yana nukta pacha (`:2,S`) ambazo mifumo hiyo haizikubali. Funga kwa `tar --numeric-owner -cpf`, au fomati diski iwe ext4.

mpakani_Malaba
Moja la mwisho. Ripoti za cron (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) hazitumwi: `postdrop: warning: mail_queue_enter: create file maildrop/…: Permission denied`. Nalo ni la vikasha?

dada_logi
Hapana, hilo ni la foleni ya Postfix. Folda ya maildrop inatakiwa iwe ya postfix na kundi postdrop, 1730, na programu ya postdrop yenyewe iwe na setgid, ili ifanye kazi kwa haki za kundi hilo. Nadhani /var/spool/postfix nayo ilinakiliwa kutoka kwenye ile diski. Usipige chown kwa mkono, folda zile hazifanani ruhusa. Endesha `postfix set-permissions`, kisha `postfix check`. Isipoandika kitu, washa.