Naomba ushauri: mchele wa kahawia kwa mtoto mwenye upungufu wa damu

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa miaka 4 kapimwa, damu iko chini, na dawa za madini ya chuma kaanza. Nyumbani tunakula mchele wa kahawia. Asidi ya fitiki ipo zaidi kwenye zile pumba zake, nayo hushika chuma na zinki, mwili ukavikosa. Marekani walishazalisha mpunga aina ya Kaybonnet wenye asidi hiyo pungufu kwa karibu 45%, japo mavuno yake ni madogo.

Wataalamu wa mpunga na lishe, mbegu ya namna hiyo huku kwetu inapatikana? Au nimpe mweupe tu? Nikiuloweka huo wa kahawia usiku kucha, nikamwaga maji, kisha nikampikia na dagaa na kumkamulia limao kwenye mchicha, itasaidia kweli? Nina wasiwasi sana.