Jirani kapandisha ghorofa, sebule yangu giza. Mipango miji iingilie au kila mtu na kiwanja chake?

DadaLevolosi: Wadau, jirani kapandisha ghorofa nne, nikitoa mkono dirishani nagusa tofali zake. Saa sita mchana mtoto anafanya homuweki na taa. Kwani mipango miji hawawezi kulazimisha watu waachiane nafasi?

MangiBati: Kiwanja mjini dhahabu alafu niache mita tatu za kuotesha majani? Washa taa dada, nyie wapangaji mna malalamiko sana

DadaLevolosi: Nani kakwambia napanga? Nyumba kaacha marehemu baba. Ukome.

FundiTimazi: Wenzetu walishagombana zamani. New York 1915 lilijengwa jengo la Equitable likatia kivuli mitaa mizima, 1916 wakatunga sheria, ghorofa ikipanda juu irudi nyuma kama ngazi. Uingereza dirisha la jirani likishapata mwanga miaka 20 huwezi kuliziba tu unavyotaka

ChaliiSakina: Fundi huko jua la kuomba. Sisi Arusha digrii 3 tu kutoka ikweta, jua liko utosini!!

FundiTimazi: Jua la utosini linaunguza bati, chalii, dirishani haliingii. Chumba kinakula mwanga wa anga unayoiona ukikaa ndani, ukuta ukiziba anga basi. Ndo maana dirisha tunalipandisha mpaka kwenye linta, ile boriti ya juu ya dirisha, mwanga ufike mbali, na ukuta wa mbele ukiwa mweupe unakurudishia kidogo

MamaNjoroNjoro: Mi nimekwama kwa huyo wa "washa taa". Ya luku ipi? Tupo wapangaji sita mita moja, naweka umeme wa buku tano jioni, asubuhi umekata, kumbe kuna mtu anapikia maharage kwenye koili usiku

MangiBati: Mama hapo weka sabmita kila chumba. Kwangu nimeweka

MamaNjoroNjoro: Kumbe mwenye nyumba!! Ndo maana. Na taa ya korido analipa nani?

MangiBati: Korido ni ya wote, wanachanga

ChaliiSakina: Korido inawaka mchana kweupe sababu hujaacha dirisha mangi 😂😂

MangiBati: Umewahi kufika kwangu wewe?

ChaliiSakina: Nimepanga kwako miezi minane, chumba cha mwisho kulia

DadaLevolosi: Jamani. Fundi, nikipaka chokaa ukuta wa jirani usiku, atajua?