Aya za upanga kwenye kikundi cha ukoo

Baraka: [Umesambazwa mara nyingi] SOMENI WENYEWE!! Qurani 9:5, waueni washirikina popote muwakutapo. Halafu watu wanauliza ugaidi unatoka wapi. Tuma kwa watu kumi.

Hamisi: Binamu, hii umemletea nani humu?

Hamisi: Nusu ya ukoo huu ni Waislamu na unalijua hilo.

Baraka: Sijamtukana mtu. Nauliza swali moja tu. Aya hiyo ipo au haipo?

Hamisi: Ipo. Na 1 Samweli 15:3 nayo ipo, Mungu anaagiza Waamaleki wauawe. "Mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye." Nikusambazie na hiyo kwa watu kumi?

Baraka: Hilo ni Agano la Kale. Yesu alipokuja alimwambia Petro arudishe upanga mahali pake. Mathayo 26:52. Basi, imeisha.

Hamisi: Na Mathayo 10:34 je? "Sikuja kuleta amani, bali upanga."

Baraka: Hapo anasema habari za watu wa nyumba moja kufarakana kwa ajili yake. Soma aya inayofuata.

Rukia: Sasa mbona ya kwenu unataka isomwe na aya inayofuata, ya kwetu unaikata?

Neema: 👀

Mjomba Idrisa: Amani iwe kwenu wote. Hamisi, punguza moto. Baraka mpwa wangu, umeuliza swali la haki, ila umelipokea kwa mtu ambaye hakutaka ulijue jibu lake.

Baraka: Shikamoo Mjomba. Nakusikiliza.

Mjomba Idrisa: Marahaba. Fungua Sura ya Tawba uanze aya ya kwanza. Habari yote pale ni ya mikataba. Sura hii ni ya mwaka wa tisa wa Hijra, baada ya miaka ya vita na mapatano yaliyovunjwa. Aya ya 4 inawatoa washirikina waliotimiza ahadi, inasema timizeni nao mkataba mpaka muda wake uishe. Ndipo inakuja ya 5 uliyoileta. Ya 6 inasema mshirikina akikuomba hifadhi mpe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha umfikishe mahali pake pa amani. Si umwache tu, UMFIKISHE. Ya 13 inaeleza walichofanya hao wa aya ya 5: walivunja viapo, na ndio walioanza. Aliyetunga ujumbe ule aliiona ya 4 na ya 6. Haiwezekani kuikuta ya 5 bila kupita kwa jirani zake.

Hamisi: Umemaliza, Baba 🙏🏾

Mjomba Idrisa: Sijamaliza. Nawe usinishangilie, kwa sababu sehemu ya pili haitakufurahisha. Wapo wanazuoni wetu wa zamani, watu wa elimu kabisa, waliosema aya hiyo ya 5 imefuta hukumu ya aya zaidi ya mia za subira na maelewano. Wengine walikataa. Tabari, mfasiri mkubwa wa zamani, katika tafsiri yake anashikilia kwamba 2:190, "piganeni na wanaowapiga wala msivuke mipaka", haijafutwa. Kwa hiyo tusimwambie Baraka kwamba ni watu wa intaneti waliozua usomaji ule mkali. Umo katika vitabu vyetu, na majibu yake yamo humo humo. Ukimficha kijana la kwanza, siku akilikuta peke yake ataona ulimdanganya na la pili pia.

Mjomba Idrisa: Na aliyemuua Sayyidna Ali, mkwe wa Mtume na khalifa wa nne, mwaka 661 pale msikitini Kufa hakuwa kafiri. Ibn Muljam alikuwa Khawariji, watu waliosifika kwa kusoma Qurani na kusali usiku. Kauli yao ilikuwa "hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu", wameitoa ndani ya Qurani. Ali mwenyewe aliwajibu: neno la haki, lililokusudiwa batili. Umma wetu haujafikisha hata karne moja, tayari mtu anauawa kwa aya. Hatuwezi kusema jambo hili ni geni kwetu.

Baraka: Nashukuru Mjomba kwa kusema wazi. Ila naona hilo ndilo nililokuwa nasema mimi.

Shangazi Eliza: Hapana Baraka. Wewe ulikuwa unasema ni lao peke yao.

Shangazi Eliza: Nimefundisha Biblia kwa watoto na watu wazima muda mrefu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu. Hilo la "ni Agano la Kale" tunalitoa haraka mno. Jumapili tunahubiri Daudi na Goliathi, tunaimba kuta za Yeriko zilivyoanguka, watoto wanapiga makofi. Hatuwasomei Yoshua 6:21, kilichowapata waliokuwa ndani ya kuta zile, vijana kwa wazee. Tunalichukua Agano la Kale linapotupendeza, likitushtaki tunasema limepita.

Shangazi Eliza: Tena si la Kale tu. Luka 14, mfano wa karamu, bwana anamwambia mtumwa atoke awashurutishe watu waingie nyumba ijae. Ni mfano wa karamu! Agostino, mtakatifu mwenye akili kuliko sisi sote humu, aliutumia kutetea serikali ya Kirumi kuwalazimisha Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga, warudi kanisani. Karne nyingi baadaye bado aya hiyo ilikuwa inatajwa na waliowatesa wazushi. Na Mathayo 27:25, "damu yake na iwe juu yetu", Wayahudi wameuawa kwa aya hiyo Ulaya kizazi baada ya kizazi. Kanisa Katoliki lilitamka rasmi mwaka 1965 kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote. Elfu moja mia tisa sitini na tano. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Neema: 1965??

Shangazi Eliza: Ndiyo mwanangu.

Baraka: Shangazi, sikatai Wakristo wamefanya maovu. Lakini kuna tofauti ambayo hakuna anayeigusa hapa. Mkristo anayeua anakwenda kinyume cha Yesu. Yesu hakuongoza jeshi. Muhammad aliongoza. Samahani Mjomba, sisemi kwa dharau.

Mjomba Idrisa: Hujanikosea. Ndiyo, aliongoza jeshi, na wala hatulifichi, siku ya vita vya Badr tunaisimulia kwa fahari. Alikuwa na mji wa kuulinda na watu waliofukuzwa makwao. Mwenye mji hawezi kukwepa swali la vita, kwa hiyo dini yetu ililazimika kusema nani apigwe na nani asiguswe. Muwatta ya Imam Malik ina wasia wa Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa kamanda aliyekuwa anakwenda Shamu, yaani Syria: usiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee dhaifu, usikate mti wenye matunda, na waliojitenga kwa ibada waache na walichojitengea. Anayelipua soko leo anauvunja wasia huo wote kwa mkupuo mmoja.

Shangazi Eliza: Na mimi nakujibu kwa upande wangu, Baraka. Kama mfano wa mwanzilishi peke yake ungetosha kuwazuia wafuasi, historia yetu ingekuwa safi kuliko zote duniani. Yesu hakushika upanga, kweli. Haya, Julai 1099 Wapiganaji wa Msalaba walipoichukua Yerusalemu, Raymond wa Aguilers, padri aliyekuwa na jeshi lile, aliandika kwamba watu walipanda farasi katika damu iliyofika magotini na kwenye hatamu. Hatamu za farasi unazijua? Fungua Ufunuo 14:20, damu inafika kwenye hatamu za farasi. Anayatazama mauaji na macho yake yanaona Maandiko. Kwake yeye hawakuwa wanamkosea Yesu, walikuwa wanatimiza kitabu. Na miaka mitatu kabla, 1096, makundi mengine ya vita hivyo hivyo, njiani tu, yalishawachinja Wayahudi wa Worms na Mainz, Ujerumani.

Baraka: Hilo la hatamu sikulijua.

Hamisi: Mimi naona tunazunguka. Wanaoua wanataka ardhi, mali na madaraka. Aya ni kisingizio tu. Rukia waambie ile ya yule profesa.

Rukia: Robert Pape wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alikusanya mashambulizi 315 ya kujitoa mhanga, kuanzia 1980 hadi 2003. Kundi lililoongoza kwa idadi lilikuwa Tamil Tigers wa Sri Lanka, 76, na hao hawakuwa Waislamu, ni kundi la siasa lisilopigania dini. Alichokiona kinawaunganisha wengi ni kutaka majeshi ya kigeni yatoke kwenye ardhi wanayoihesabu yao.

Hamisi: Si ndiyo!

Rukia: Ngoja kaka, kuna na ya upande mwingine. 2007, Brad Bushman na wenzake. Waliwapa wanafunzi wa vyuo viwili, kimoja Marekani na kimoja Uholanzi, ile habari ya suria wa Mlawi, Waamuzi 19 mpaka 21.

Shangazi Eliza: Habari nzito hiyo. Mwanamke anabakwa mpaka anakufa, kisha makabila yanaingia vitani.

Rukia: Hiyo hiyo. Nusu wakaambiwa imetoka kwenye Biblia, nusu wakaambiwa ni hati ya kale tu. Tena nusu wakaongezewa sentensi kwamba Mungu ndiye aliyeamuru kulipiza. Baadaye wakacheza mchezo ambao mshindi anampigia mwenzake kelele masikioni, na anachagua mwenyewe ukali wa sauti. Walioambiwa ni Biblia, na waliosoma kwamba Mungu ameamuru, walichagua kelele kali zaidi. Kwa wanaoamini ilizidi, lakini hata wasioamini ilionekana.

Rukia: Kwa hiyo sikubali kwamba aya ni kisingizio tu. Hasira inatoka kwenye ardhi na dhuluma, sawa. Ila mtu mwenye hasira akiambiwa "Mungu ameamuru", mkono unakuwa mwepesi. Hatujamaliza kazi tukisema "ni siasa".

Hamisi: Kelele za masikioni si bomu.

Rukia: Si bomu, kweli. Ni wanafunzi waliokula wakashiba, hawana ugomvi na mtu, na bado maneno yaliwasogeza. Sasa mchukue aliyeuliwa ndugu.

Shangazi Eliza: Watu wa zamani walilijua hilo bila utafiti. Ulfila, askofu aliyetafsiri Biblia kwa Wagothi karne ya nne, mwanahistoria Philostorgius anasimulia kwamba aliviacha vitabu vya Wafalme. Sababu? Wagothi walipenda vita tayari, hawakuhitaji kuchochewa. Na kinyume chake: mwaka 1807 London ilichapishwa Biblia ya watumwa wa makoloni ya Uingereza huko Karibi. Musa kuwatoa Waisraeli Misri, imeondolewa. "Hapana mtumwa wala huru" ya Wagalatia, imeondolewa. "Enyi watumwa, watiini", imebaki. Wote wawili walikiogopa kitabu, mmoja kwa kuwapenda watu wake, mwingine kwa kuwamiliki.

Neema: Naweza kuuliza? Mimi mwenzenu bado niko kwa mtoto anyonyaye. Kwa nini Mungu aseme hivyo? Sijali nani aliitumia vibaya baadaye. Namuuliza yeye aliyesema.

Baraka: Mungu ndiye mwenye uhai Neema. Akitoa au akitwaa ana haki.

Shangazi Eliza: Baraka, hilo jibu nakuomba ulirudishe. Si kwa sababu Mungu hana haki. Ni kwa sababu ndilo jibu la kila aliyewahi kuingia nyumba ya watu na panga akisema ametumwa. Wahubiri wa Kipuritani Amerika Kaskazini waliwaita wenyeji wa kule Amaleki, na wakishaitwa hivyo hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini hata watoto.

Shangazi Eliza: Neema, wako waliosema, kama Origen karne ya tatu, kwamba vita vile visomwe kama vita vya roho dhidi ya dhambi. Wako wanaosema ilikuwa hukumu ya mara moja, kwa watu wale, haina ruhusa kwa mwingine yeyote. Wako wanaosema walioandika walimfahamu Mungu kwa kadiri ya zama zao za vita. Mimi nasimama na hawa wa mwisho, kwa sababu nampima Mungu kwa Yesu aliyewabeba watoto mikononi. Mchungaji wangu hakubaliani nami na bado tunasali pamoja. Usikubali jibu lolote linalokufanya usimhurumie yule mtoto.

Neema: Asante Shangazi.

Mjomba Idrisa: Shemeji, umesema vizuri. Naongeza mtu mmoja. Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni wa India ya enzi za Waingereza, Mwislamu wa swala tano. 1929 aliunda Khudai Khidmatgar, maelfu ya watu wa kabila linalojulikana kwa bunduki, wakaapa kutolipiza kisasi. Aprili 1930 Peshawar, askari wa Waingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji wasio na silaha pale soko la Qissa Khwani, wakafa wengi. Khan alisema silaha yake ni subira, na kwamba aliipata kwa Mtume. Qurani ni ile ile aliyoisoma Ibn Muljam.

Baraka: Mjomba, ya 9:5 nimekuelewa. Lakini nimeendelea kusoma na nimefika 9:29. Hapo hakuna habari ya mkataba. Inawataja Watu wa Kitabu, yaani sisi, tupigwe mpaka tutoe jizya, kodi ya wasio Waislamu. Hiyo nayo utasema nini?

Mjomba Idrisa: Hiyo ni ngumu kuliko ya 5. Wafasiri wengi wanaiweka na msafara wa Tabuk, ilipohofiwa Warumi wanakuja. Lakini wanasheria wetu hawakuiacha Tabuk. Waliifanya sheria ya dola: asiye Mwislamu analindwa, anaabudu dini yake, na analipa. Kwa zama zile palikuwa na kwingine kubaya zaidi, ila usawa haukuwa. Dola ya Uthmaniya ya Waturuki yenyewe iliifuta jizya mwaka 1856, na leo nchi karibu zote za Kiislamu hazina. Ukiniuliza kama aya inadai irudi, nasema hapana, na nina hoja zangu. Wapo wanaosema ndiyo. Baghdadi, kiongozi wa kundi la ISIS, mwaka 2014 aliwatoza Wakristo wa Raqqa, na mwaka huo huo wanazuoni zaidi ya 120 walimwandikia barua ya wazi kumkanusha, pamoja na hilo la kunyofoa aya moja na kuacha zingine.

Baraka: Sijaridhika.

Mjomba Idrisa: Najua. Jumamosi usiku nitapiga simu ya video humu humu, tusome Tawba kuanzia 1 hadi 29, kila mtu na tafsiri yake mbele. Hamisi, nawe uwepo.

Hamisi: Nitakuwepo Baba. Na Biblia je?

Shangazi Eliza: Jumamosi inayofuata ni zamu yangu. Kumbukumbu la Torati 20, na 1 Samweli 15.

Neema: Kumbukumbu 20 yote, au mpaka aya ya 9?

Shangazi Eliza: Yote. Ya 16 usiiruke.